Kiganja Juu ya Tairi la Nyuma

Fundi wa matairi wa pale Muleba ana maneno mawili tu ya kazi. Ukimpelekea pikipiki anaisimamisha kwenye stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie, anafuta kiganja chake kwenye suruali, anakiweka juu ya tairi, anafumba macho, kisha analizungusha polepole kwa mkono wa pili. Likimaliza mzunguko mmoja anafumbua macho na kusema ama "bado" ama "leo". Bado maana yake panda uende zako. Leo maana yake tairi hilo limekwisha na haliondoki hapo likiwa kwenye pikipiki yako. Kwa miaka kumi na moja nimepanda na kushuka vilima vya wilaya ile kwa kutegemea maneno hayo mawili, na mimi ni mtu mbishi, waulize wakulima wangu.

Jina lake silitaji. Wateja wanamwita Fundi, mkewe wa ndoa anamwita Fundi, na siku moja nilipoandika jina lake la ubatizo kwenye bahasha ya mchango wa kanisa alininunia wiki nzima.

Mwaka huu, asubuhi moja ya masika, mkewe alinipigia simu. Mimi sasa nafanya kazi Bukoba mjini na ninakaa Nshambya. Nilikuwa jikoni naepua chai.

"Bibi Shamba, waitu, tafadhali njoo Rubya," akasema.

Nilijua yuko Rubya. Fundi alikuwa amelazwa hospitalini huko kwa ajili ya kidonda cha mguu, na jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeongea naye kwenye simu akaniambia ni kidonda kidogo tu, cha kuparuliwa na kuku.

"Amezidiwa, mama?"

"Madaktari wanataka kuukata mguu chini ya goti. Wanasema leo. Yeye anasema bado."

"Tangu lini?"

"Hii ni siku ya nne. Daktari akipita, bado. Watoto wakimlilia, bado. Padri amekaa naye saa nzima, akaitikia amina, halafu akasema bado. Sasa daktari ameniita pembeni. Anasema sumu inapanda. Tukilala tena bila kukata, kesho watakata juu ya goti, au hawatakata kabisa, tutazika."

"Mimi nitamwambia nini ambacho padri hakumwambia?"

"Sijui, mwanangu. Ila yeye husema wewe una kiganja."

Chai niliiacha pale pale. Nikavaa koti la mvua na kuwasha pikipiki. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni lami, na lami inampa mtu nafasi ya kufikiri hata kama hataki.

Nilikutana naye mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa afisa ugani mpya, bibi shamba kijana mwenye buti zisizo na tope. Nilikabidhiwa pikipiki iliyokuwa imelala stoo muda mrefu, inang'aa, tairi la nyuma limejaa meno. Niliipeleka bandani kwake kujaza upepo tu. Hakuniuliza kitu. Akaweka kiganja, akafumba macho, akazungusha.

"Leo," akasema.

"Leo nini?"

"Tairi. Leo."

"Mzee wangu, tairi hili halijatembea hata mwezi. Angalia meno hayo."

Akabonyeza ukucha wa dole gumba katikati ya meno mawili, akautoa, akanionyesha. Hapakuwa na alama. Kisha akanishika mkono, akanibonyezesha ukucha wangu kwenye tairi jingine lililoegemea ukuta, nao ukaacha mstari mdogo kama unaoachwa kwenye ganda la ndizi mbichi. Alidhani nimeelewa. Mimi nikasema ahsante na, alipogeukia vyuma vyake, nikaondoka na tairi langu, moyoni nikisema huyu mzee anatafuta mgeni wa kumuuzia bidhaa zake.

Siku ya tatu nilikuwa nateremka mteremko wa kwenda Rubya nikiwa nimefunga miche ya kahawa nyuma. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza, ile ya rasharasha inayolowesha vumbi jekundu bila kulisomba. Kwenye kona niligusa breki ya nyuma, kugusa tu. Mkia wa pikipiki ukatoka pembeni ukataka kunipita. Niliyoyaona baada ya hapo ni majani ya migomba, anga, na majani ya migomba tena. Nilikuwa nimeingia kwenye kibanja cha watu hadi katikati. Mwenye kibanja, bibi mmoja wa makamo, alitoka nyumbani kwake na kuukagua mgomba niliouangusha, kisha akanikagua mimi.

Niliisukuma pikipiki kurudi Muleba, goti linavuja damu. Fundi aliniona nikija, na katika maisha yangu yote sijaona mtu aliyekuwa na haki kama ile ya kusema "nilikuambia" akaacha kusema. Aliniletea karai la maji na sabuni, akanigeuzia mgongo nikajiosha. Nilipomaliza, akanionyesha kwa kidevu duka lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Kanunue. Ukifika useme lililotoka juzi juzi, usikubali la juu kabisa ya rafu, hilo limekaushwa na joto la bati."

"Kwani wewe huuzi?"

"Mimi nauza tairi?" akasema, akaudhika kwelikweli.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Hauzi tairi hata moja. Anachopata ni ujira wa kufunga, na kama angetafuta faida angekuacha na kipara cha tairi lako, maana tairi bovu halikauki pancha na kila pancha ungerudi kwake. Neno "leo" linamkosesha wateja. Amelisema miaka yote hiyo kwa hasara yake, na sijawahi kumsikia akijisifu kwa hilo.

Baadaye alinieleza lile la stoo, kwa sentensi chache kama kawaida yake. Mpira ukikaa miaka bila kazi unakauka. Meno yanabaki marefu, yanapendeza, ila yamekuwa magumu na hayaishiki ardhi tena. Nilipofikiri kwamba alijua hayo yote kwa kugusa mara moja, macho yakiwa yamefumbwa, mwili ulinisisimka. Hali hiyo haijawahi kuniisha.

Ana desturi moja ambayo wageni huiona ya ajabu. Akishatoa tairi la zamani halitupi wala hakurudishii. Anachukua msumeno wa chuma, anaweka tairi juu ya gogo, anakuambia: "Shika huko." Wewe mwenye tairi unashika upande mmoja, yeye anashika mwingine, na anakata mpaka nyaya za pembeni zinakatika kwa mlio. Awe mwalimu, awe padri, awe tajiri wa samaki aliyevuka kutoka kisiwa cha Bumbire na viatu vyake vya ngozi, lazima ashike. Ukikataa hakufungii jipya.

Nilimuuliza sababu nikiwa nimemzoea. Alisema zamani alikuwa akimrudishia mtu tairi lake, mali ya mtu ni mali ya mtu. Tairi moja alilolikataa asubuhi ya jumatatu aliliona tena alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Mwenye tairi alikuwa amempa shemeji yake bure. Lilikuwa kwenye pikipiki iliyolala mtaroni, na huyo shemeji alikuwa amefunikwa shuka pembeni yake. Fundi alilitambua kabla hajaitambua pikipiki. Tangu siku hiyo anakata, na mwenye tairi anashika ili aone kwa macho yake na asije akasema limeibiwa. Vipande anavishona ndala. Akina mama wanaobeba ndizi kwenda sokoni, wachimba mitaro, watu wa mnada, nusu ya wilaya inatembea juu ya matairi yaliyoambiwa "leo", nao hawajui.

Sitaki mtu adhani ni mtakatifu. Ana roho ndogo ajabu kwa vyuma vyake viwili vya kutolea tairi. Hamwazimi mtu, na aliyewahi kuviazima bila ruhusa alirushiwa kigoda kutoka huku hadi kule. Ana kinyongo. Kuna fundi mwenzake ambaye hajampa mkono kwa sababu ya gundi ya pancha, na gundi yenyewe ilikwisha kukauka mtu akasahau rangi yake. Anasali rozari kila alfajiri, halafu saa mbili asubuhi unamsikia akilitukana tairi lililogoma kutoka kwenye rimu kwa Kihaya ambacho siwezi kukiandika hapa.

Na anaogopa pikipiki. Nasema kweli. Mtu anayeyajua matairi kuliko yeyote kati ya Bukoba na Biharamulo hajawahi kuendesha pikipiki hata hatua kumi. Kutoka kwake hadi bandani ni mwendo wa nusu saa na anakwenda kwa miguu. Mara moja tu nilimbeba, tukiwahi mazishi kijiji cha mbali. Alinishika mabega yote mawili, akafumba macho kutoka Muleba mpaka tulipofika, akawa anasali kwa sauti, polepole kwenye tambarare na mbio mbio kwenye miteremko. Watu njiani walidhani nampeleka kichaa hospitalini. Aliposhuka, neno la kwanza alilosema ni hili:

"Tairi la nyuma lina upepo mwingi. Punguza. Linarukaruka, halikai chini."

Nikapima. Lilikuwa na upepo mwingi. Nilikuwa nimelijaza siku hiyo kwa sababu nabeba mtu, kama tunavyofanya sote, tukidhani tairi gumu ndilo lenye nguvu. Yeye alikuwa amelisikia kupitia makalio yake, katikati ya Salamu Maria.

Harusi ya watu wa Nshamba, huko huko wilayani Muleba, ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka kwa wasio na pikipiki. Vijana wa kijiwe cha pikipiki walikodiwa kumsindikiza bwana harusi kwenda kumchukua mwenzake. Wakaosha pikipiki zao mpaka spoku, na ili zipendeze zaidi wakayapaka matairi mafuta ya kupikia. Yaling'aa kweli, meusi ti. Msafara ukapita mbele ya banda ukipiga honi. Nilikuwepo, nimekuja kuzibiwa pancha. Fundi alinyanyua kichwa, akaona ule mng'ao, na mzee huyu ambaye huwa hakimbii alikimbia hadi katikati ya barabara akiwa na karai la majivu.

"Leo," akasema, akizinyooshea kidole pikipiki zote.

Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa amepanda ya mbele na gauni lake refu la gomesi, alishuka kama radi.

"Wewe mzee una kichaa? Bibi harusi yuko mlangoni anasubiri!"

Fundi akampita. Akamwambia kijana wa kwanza aendeshe hatua chache na ashike breki ya nyuma. Kijana akacheka, akaendesha, akashika. Pikipiki ikalala ubavu taratibu, na yeye akaketi kwenye tope na shati lake jeupe. Hakuumia zaidi ya shati. Mteremko wa kwenda kwa bibi harusi mimi naujua, una kona nne na korongo. Kisha msafara mzima, bwana harusi akiwa amekunja suruali ya suti, wakachuchumaa kando ya barabara wakisugua matairi kwa majivu na maganda ya ndizi. Shangazi alijifunga gomesi kiunoni na ndiye aliyesugua kuliko wote. Walifika kwa bibi harusi wamechelewa, wananuka majivu, wote wazima.

Kuna jambo moja ambalo wateja hufanya na halijawahi kubadilika. Mtu akishaambiwa "leo" anauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya kujiombea:

"Fundi, si hata wiki moja?"

Nimemsikia anayeuliza hivyo akiwa na mkungu wa ndizi nyuma, na nimemsikia mwenye kalamu za dhahabu mfukoni. Fundi anachukua kitambaa chake cheusi na kufuta mikono, kidole kimoja kimoja. Hamwangalii mtu na hajibu. Nilimuuliza kwa nini hasemi tu kwamba meno yamekwisha, kwamba kuna ufa, kwamba mvua inakuja.

"Ukiongeza neno la pili," akasema, "atalishika hilo la pili abishane nalo. La kwanza ataliacha hapo chini."

Neno hilo lilinigusa mahali panapouma. Kazi yangu mimi ni kuwashawishi wazee wakate mibuni iliyochoka, wakate shina lote ili ichipue upya. Mibuni hiyo ilipandwa na babu zao. Nilikuwa nasimama kibanjani nahubiri nusu saa nzima kuhusu machipukizi na mavuno, na mwishoni mzee ananiambia kwa upole mkubwa, "Tumekusikia, mwana wange. Bado." Baada ya maneno ya Fundi nikajaribu njia yake. Niliweka kiganja kwenye shina, nikasema "huu, leo", nikafunga mdomo. Ilinigharimu jasho, maana mdomo wangu haukuzoea. Wengine walikataa kama kawaida. Wengine walikwenda ndani kimya wakarudi na panga.

Kiganja chenyewe alinifundisha jumamosi, nikiwa sina kazi. Alinifumbisha macho, kwa sababu alisema macho yanapenda meno marefu na yanadanganyika. Akaniongoza mkono. Tairi la nyuma la pikipiki ya mizigo linaliwa katikati, likawa bapa, na mtu akilala nalo kwenye kona linapanda ukingo wa ile bapa kwa ghafla. Kati ya meno kuna vidaraja vidogo vya mpira, na meno yakishalingana na vidaraja, basi. Kuna nyufa za ubavuni zinazosikika kama uzi. Kuna joto linalobaki sehemu moja na kukosekana nyingine. Miezi ilipita kabla hajaniruhusu kutamka neno mbele ya mteja. Siku aliponiruhusu, tairi lilikuwa la mwalimu mmoja, nikazungusha, nikasema "bado".

"Rudia," akasema Fundi.

Nikarudia. Ndipo, upande wa ndani karibu na rimu, kidole changu kilipopita juu ya kivimbe kidogo kama alipoumwa mtu na mbu. Tumbo la tairi lilikuwa linataka kutoka. Nikasema "leo", na mwalimu akaniuliza kama haiwezekani hata wiki moja, na mimi nikatafuta kitambaa. Jioni hiyo Fundi alimwambia mkewe mbele yangu: "Huyu ana kiganja." Nimepata vyeti vinne maishani na hakuna hata kimoja nilichokilalia usiku kama nilivyolilalia neno hilo.

Sasa kuhusu mguu. Mtu huyu aliyewashonea ndala wapita njia wote alikuwa anavaa ndala vipara. Nilimwambia mara ngapi? Kisigino kilikuwa kimebaki chembamba kama ganda la muhogo. "Fundi, ndala hizi ni leo." Naye: "Bado. Hizi hazishiki breki." Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani. Dawa alikuwa anameza akikumbuka, na alikuwa akijisifu kwetu kwamba miguu yake imekomaa, haisikii baridi wala mawe. Sisi tulicheka naye. Mimi, mwenye kiganja, nilicheka.

Kilichomchoma ni kipande cha waya, ule ule unaokatika kwa mlio pale anapokata tairi. Kilipenya ndala, kikaingia unyayoni, na akakitembelea siku tatu kwenda na kurudi bila kuhisi kitu, mpaka mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Kidonda kikaoza kutoka ndani. Alipokubali kupelekwa Rubya vidole viwili vilikuwa vimeshabadilika rangi.

Nilifika Rubya saa tano. Muuguzi alinipitisha baada ya kuniangalia tope langu kwa huzuni. Kitanda cha Fundi kilikuwa karibu na dirisha, na nilishtuka kuona jinsi kilivyomzidi ukubwa. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na tairi lipi?"

"Lile ulilosema bado, msimu wa senene."

"Lami imelila katikati."

"Kidogo."

"Usipite mwezi wa sita nalo." Akamtupia jicho mkewe. "Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Waambie bado. Mguu ni mzima, nimeenda nao msalani mwenyewe leo asubuhi. Hivi vidole ndivyo vibovu, viwili tu. Mtu hatupi rimu kwa sababu ya spoku mbili."

Alilisema vizuri, na kwa dakika moja nilitamani kumwamini. Nilimwomba muuguzi sabuni, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikafuta kiganja. Nikakiweka chini ya goti lake, nikafumba macho. Pale palikuwa na joto zuri la mtu. Nikashuka polepole. Nusu ya mundi joto likawa kali mno, na nilipopita mahali walipofunga bendeji, kwenye vidole vilivyokuwa wazi, hapakuwa na joto lolote. Palikuwa pagumu na pakavu, na mimi nilikuwa nimewahi kugusa ugumu ule, siku nyingi, kwenye tairi lililolala stoo.

"Fumba macho na wewe," nikamwambia.

Akafumba.

Nikabonyeza ukucha chini ya goti. "Nimebonyeza wapi?"

"Chini ya goti."

Nikashuka. "Na sasa?"

"Kwenye mundi. Hapo katikati."

Nikaenda kwenye kidole gumba cha mguu. Nikabonyeza, nikangoja. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Mkewe aliinamisha kichwa.

"Bonyeza basi," akasema Fundi, macho yakiwa yamefumbwa.

"Nimebonyeza."

Alifumbua macho. Akauona ukucha wangu ulivyokandamiza kidole chake, na akauangalia kwa muda mrefu. Nikautoa. Hakuacha kuangalia pale ulipokuwa.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba banda litamsubiri, kwamba kazi yake ni ya kiganja na siyo ya mguu, kwamba watu wa wilaya nzima watambeba. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda kama tata, kama baba yangu mzazi, na kwamba nilipaswa kuzichoma moto zile ndala. Yote yalikuwa mdomoni. Nikayameza.

"Leo," nikasema.

Aliangalia dari. Mvua ilikuwa imeanza kugonga dirisha. Halafu Fundi, ambaye ameliacha swali moja bila jibu kwa miaka mingi kuliko umri wangu, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya wateja wake:

"Si hata wiki moja?"

Nikachukua pembe ya kanga ya mkewe iliyokuwa kitandani, nikaanza kufuta mikono. Nilifuta kidole kimoja kimoja. Sikumwangalia na sikujibu. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye vidole, kwa hiyo ile kufuta haikuwa na mwisho.

"Leteni hiyo karatasi ya kusaini," akasema Fundi.

Aliandika jina lake lote, polepole, hata lile la ubatizo. Wakaja wauguzi wawili na kitanda cha magurudumu. Walipokwisha kumlaza, mmoja akaenda kichwani na mwingine akaenda upande wa miguuni kusukuma. Fundi akanyanyua mkono akamzuia yule wa miguuni, akanitafuta kwa macho.

"Bibi Shamba," akasema. "Shika huko."

Nikashika kwa mikono miwili, na kitanda kikaanza kwenda.